Wachimba Visima Waliomsubiri Mwenye Shamba

Je, mtu aliyewatafutia wengine maji nusu ya maisha yake anaweza kuyapata katika ardhi yake mwenyewe? Saa mbili asubuhi, swali hilo bado halina jibu. Lina kina cha mita kumi na nne, na chini yake amepiga magoti mwanamume mmoja, akiuchokonoa udongo mkavu kwa sururu yenye mpini mfupi.

Wenzake kazini humwita Fuko. Ukimtazama kutoka juu, huoni zaidi ya kofia inayotikisika kizani. Ndoo inashuka tupu, inajaa, inapanda. Na pamoja na ndoo inashuka sauti isiyonyamaza hata kumeza mate.

"Fuko, jogoo wa mama jirani amepanda juu ya baiskeli yangu. Ametulia kabisa, kama anayesubiri kusukumwa. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi sema kitu, ndugu yangu."

"Mwambie alipe nauli."

Mwenye sauti ni mshika kamba wake, mwanamume mfupi ambaye kamba imemshusha bega moja likawa chini ya jingine. Huitwa Redio, na jina hilo halihitaji maelezo.

Wamechimba pamoja kwa miaka kumi na miwili, wakihama kutoka shamba hadi shamba, na kila kisima walichokiacha nyuma yao kilikuwa cha mtu mwingine. Hiki ni chao. Kipo katika kipande cha ardhi walichokinunua pembezoni mwa mji, mahali palipouzwa kwa bei ndogo kwa sababu moja tu: hapana maji. Majirani huyafuata mwendo wa saa nzima, ndoo kichwani.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Kampuni moja inayochimba visima kwa mashine imempa Fuko ajira: mshahara wa kila mwezi, chakula na kitanda. Lori litampitia adhuhuri na kumpeleka mbali, na huko atakaa miaka. Nafasi ni moja. Fuko alipouliza kuhusu mwenzake, msimamizi alicheka bila ubaya.

"Mashine haihitaji mtu wa kuzungumza nayo," alimjibu.

Redio alipoambiwa habari hizo, aliikunja kamba yake upya, mzunguko kwa mzunguko. Kisha akasema, "Lori likifika kabla ya maji, nenda. Shamba bila maji tutaliuza. Sitaki uniangalie mimi ukose riziki."

Fuko hakukubali wala hakukataa. Alishuka chini.

Ili kuelewa kwa nini jibu lilimshinda, inafaa kujua alikotoka. Aliingia katika kazi za kuhamahama akiwa kijana, akalala katika mabanda ambamo watu hubanana ubavu kwa ubavu na hakuna anayejua jina la aliye karibu naye.

"Ukimuuliza mtu kwao ni wapi, anadhani unataka kumwibia," anasema. "Basi huulizi. Unageukia ukuta, unalala."

Siku moja, mshika kamba wa wakati huo alitoka kidogo kwenda kununua sigara. Fuko alibaki chini akiita hadi sauti ikamkauka.

"Sikuogopa udongo kuniangukia. Niliogopa kwamba ungeniangukia, na pale juu asingekuwapo hata mmoja wa kusema fulani haonekani."

Katika shamba lililofuata alipewa Redio. Wengine walikuwa wamemkataa kwa sababu ya kelele. Fuko aliposhuka, maneno yalimfuata: matokeo ya mpira, ugomvi wa wapishi, mawingu yanavyokwenda. Alipopanda jioni, alimwomba msimamizi asimbadilishie mtu.

Mazungumzo hayo si porojo tupu. Hewa ikichafuka chini, akili ya mchimbaji hulegea kabla hajajitambua, na aliye juu huweza kuligundua hilo katika majibu yake. Kwa hiyo Redio humuuliza maswali siku nzima.

"Kuna siku nilimuuliza kama mimi ni mzuri wa sura," anasimulia Redio, huku Fuko akitazama pembeni. "Akajibu ndiyo, tena mzuri sana. Nikajua hewa imekwisha. Nilimvuta kama gunia."

Shamba lenyewe lilizaliwa siku ambayo Redio aliishiwa na habari. Ili asinyamaze, alianza kueleza nyumba isiyokuwapo: milango miwili inayotazama ua mmoja, kisima katikati, benchi kando yake. Kutoka chini, Fuko alirekebisha jambo moja tu. Benchi likae kivulini.

Kuanzia hapo waliijenga nyumba hiyo kwa maneno, kila walipokwenda. Katika mabanda walipigwa vijembe. Mpishi mmoja aliwauliza kila asubuhi kama paa limeshaezekwa. Wao walicheka pamoja naye, kisha wakaweka akiba theluthi ya walichokipata, miaka yote hiyo, hadi ardhi ikapatikana.

Wiki tatu zilizopita walifika hapa na vifaa vyao, wakaigeuza ndoo, wakaikalia kwa zamu, wakangoja.

Katika kazi yao kuna desturi isiyovunjwa. Mchimbaji hachagui mahali. Mwenye shamba ndiye anayeonyesha na kupiga jembe la kwanza, ili kisima kikiwa kikavu asimlaumu mtu. Jua lilipanda. Redio alitazama njia, akasema mwenye shamba amechelewa.

"Watu wenye mali ndivyo walivyo," Fuko alimjibu.

Mama jirani alipita akielekea kuchota maji, akawakuta. Aliporudi, akawakuta vilevile.

"Kaka zangu, mnamsubiri nani?"

"Mwenye shamba, mama."

"Si mlisema shamba ni lenu?"

Walitazamana. Fuko anasema hajawahi kucheka vile. Mbavu zilimuuma hadi kesho yake. Lakini kicheko kilipokwisha, hakuna aliyethubutu kulishika jembe. Kila mmoja alimsukumia mwenzake heshima hiyo, mpaka mama jirani akachoka na kuwaambia walishike wote. Wakalishika, mikono minne kwenye mpini mmoja.

"Lilikwenda upande," anasema Fuko. "Ni jembe baya kuliko yote niliyopiga maishani."

Sasa jua limefika utosini. Ndoo zinazopanda bado zina vumbi. Kutoka barabarani inasikika honi, ndefu, mara mbili.

Juu ya kisima kunakuwa kimya.

Fuko anainua uso. Duara la mwanga lipo, kamba ipo, sauti haipo. Kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuusikia ukimya huu.

"Redio. Umenyamaza."

"Lori limefika," sauti inajibu, nyembamba. "Sina la kusema."

Fuko anaishika sururu. Kisha mtu huyu, ambaye hakupenda maneno, anaanza kuzungumza yeye. "Nyumba ina milango miwili," anasema, na kupiga. "Inatazama ua mmoja." Anapiga. "Benchi liko kivulini. Wewe unakaa upande wa kushoto, kwa sababu ya bega lako." Anapiga, na mlio wa sururu unabadilika. Haugongi tena. Unazama.

Anaweka kiganja chini. Changarawe ni baridi. Anatulia, mpaka ubaridi unapanda kupitia suruali yake na kuyafikia magoti.

"Redio," anaita taratibu. "Wewe ni mzuri wa sura."

Juu kunatokea kishindo. "Shika kamba! Mama jirani, njoo tuvute, hewa imekwisha!"

"Hewa iko tele. Magoti yangu yamelowa."

Ndoo inayofuata inapanda polepole, kwa maana mvutaji hawezi kuona vizuri, macho yake yamejaa. Ndani yake mna tope, na juu ya tope mna kidole kimoja cha maji. Mama jirani anachovya, anaonja, anatema mchanga, anaonja tena. Kisha anaita majirani kwa majina yao, nyumba baada ya nyumba, na watu wanakuja mbio na madumu ambayo bado hayana kazi.

Fuko anapotolewa, ametapakaa udongo hadi kope. Msimamizi wa kampuni ameshuka kutoka kwenye lori na amesimama kando ya umati.

"Umefunga virago?" anauliza.

"Siendi, bosi. Nakushukuru kwa kunikumbuka."

"Kwa sababu ya ndoo hii ya tope? Na kama pangekuwa pakavu?"

Fuko anafikiri, kwa kuwa swali ni la haki. "Pangekuwa pakavu, ningepanda juu nikakwambia vilevile. Niliamua wakati huyu aliponyamaza." Anaelekeza kidole kwenye kona ya shamba. "Kesho tungeanza pale."

Kisha anawageukia majirani, na mkono wake unalishika lile bega la Redio lililoshuka.

"Mnisikilize. Sisi wawili ndio wenye shamba hili. Kesho tunajengea kuta za kisima, keshokutwa tunachimba msingi wa nyumba. Maji mtachota bila kulipa. Hatuhami tena."