Velkro Iliyomganda Baba Mdogo

Kabla hujaniita muongo, jua kwanza kwamba baba mdogo hadi leo havai tena lile sweta lake la kijani.

Watu huniita Vumbi. Jina nimelikubali. Nimekulia kwenye karakana ya baba, nimecheza na maranda kabla sijajua mwanasesere ni nini. Baba ni seremala, na mimi binti yake ni seremala. Hilo la pili ndilo lililokuwa linawakera watu.

Baba alipoanza kukohoa mpaka akashindwa kusimama kwenye meza ya kazi, baba mdogo akajitokeza fasta. Yeye ni mtu wa vyuma chakavu.

"Kaka, mashine zimechoka hizi. Naleta gari, nabeba zote, wewe upumzike."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe utaolewa, mwanangu. Utaenda na randa kwa mumeo?"

"Nitaenda nayo. Akiikataa, narudi nayo."

Baba hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye mashine yetu kongwe ya msasa.

"Tengeneza ile. Jumamosi, mbele ya baba yako mdogo, usugue uso wa hii meza mpaka ulainike wote. Ukimaliza, karakana yako. Ikikushinda, gari libebe."

Kwa msiojua, chini ya mashine ya msasa kuna sahani ya mpira, na kwenye sahani kuna kiduara cha velkro, kile kitambaa chenye vijino kama cha kufungia viatu vya watoto. Vijino ndivyo vinavyoshika karatasi ya msasa. Vikisagika, karatasi inaruka kila ukiwasha. Sahani ya mashine kongwe kama ile huipati dukani, kwa hiyo unabandua kitambaa kilichokufa, unabandika kipya.

Nikabandua, nikakwangua gundi ya zamani, nikafuta kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Nikapaka gundi ya njano, ile ya mafundi viatu, pande zote mbili. Halafu nikakaa.

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanabandika ingali mbichi. Baba alinifundisha tangu nikiwa mdogo: "Iguse. Kama bado inakufuata kidole, ngoja."

Nikangoja mpaka ikaacha kunifuata. Nikabandika, nikaibana kwenye jiriwa, nikaenda zangu nyumbani na roho kwatu.

Jumamosi nikakuta gari limeshageuzwa, limeuelekezea mlango wetu makalio. Baba mdogo hata kamba alikuja nazo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mkono mmoja mfukoni.

"Haya Vumbi, tuonyeshe," baba mdogo akasema, akanipa mgongo aanze kuukagua msumeno.

Nikawasha. Robo ya meza ikalainika vizuri tu. Mara nikasikia harufu ya joto, kisha pwaa! Karatasi ikaingia chini ya kabati. Velkro ikapaa, ikamganda baba mdogo katikati ya mgongo, kwenye lile sweta la kijani.

Alipiga yowe utadhani kaumwa na nge. Akawa anazunguka akijipapasa mgongo, mkono haufiki. Dereva wake akakimbilia nje kucheka.

Mimi sikucheka. Nikazima mashine.

"Imekushinda," akasema huku anahema. "Dereva! Tuanze na msumeno."

"Hakuna anayegusa kitu hapa. Nipe mgongo."

Nikaibandua, nyuzi za kijani zikaja nayo. Nikaigeuza. Gundi yangu ya njano haikuwepo. Kulikuwa na madoa meupe, magumu, yanayovunjika kama ganda la yai.

Supaglu! Ile ya kichupa, inayokauka kabla hujavuta pumzi. Kwenye mpira unaotetemeka na kupata moto, haifiki popote.

Mtu alibandua kazi yangu, akabandika yake. Na supaglu haimwachi mtu hivi hivi, lazima imwachie ukoko vidoleni.

"Baba mdogo, nionyeshe mikono."

"Wewe mtoto, una adabu kweli?"

"Mikono!"

Akainyoosha, nadhani kwa mshangao tu. Ilikuwa safi.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Baba alikuwa anautoa mkono mfukoni, polepole. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na ukoko mweupe.

Sifichi, nililia palepale.

"Baba, ni wewe?"

"Kifua changu unakisikia. Vumbi hili ndilo limenifanya hivi. Nilijua nikikukataza hutanisikia, nikaona bora mashine ikukataze."

"Si ungeniambia!"

"Ningekwambia, ungeacha?"

"Nisingeacha! Ningevaa barakoa. Wewe hujawahi kuivaa hata siku moja."

Baba mdogo akafungua mdomo.

"Kaa, baba mdogo," nikamwambia. Akakaa.

Nikachukua tina. Nikakwangua, nikafuta, nikapaka njano pande zote mbili, huku machozi na kamasi havinisubiri. Kisha nikavuta kigoda, tukangoja wote.

"Bado tu?" baba mdogo akauliza.

"Bado."

Akauliza tena. Bado. Sijawahi kufurahia gundi inayochelewa kama siku ile.

Mwishowe nikampelekea baba sahani. "Iguse."

Akaigusa kwa kidole kilekile chenye ukoko.

"Hainifuati," akasema. "Bandika."

Nikabandika, nikagonga kwa nyundo ya mpira, nikavaa barakoa, nikawasha. Meza ikalainika mpaka pembe ya mwisho. Gari likaondoka tupu na kamba zake.

Nilichojifunza? Anayekupenda naye anaweza kukuhujumu, tena kwa roho safi kabisa. Msamehe, lakini mnyang'anye ufunguo wa karakana. Na nyie wazazi, mkiwa na hofu semeni kwa mdomo. Msitupime kwa gundi, mafundi mmetuzaa wenyewe.

Baba anakuja kila asubuhi kukaa mlangoni na kunikosoa. Anaruhusiwa, ila avae barakoa. Hiyo ni sheria ya karakana, na karakana ni yangu.