Mahindi ya Wifi

Mashine yetu ya kusaga ilikuwa Ipinda, huku Kyela, nyuma ya soko, katika jengo ambalo zamani lilikuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa, mume wangu, aliyekuwa karani wake, alirudi nyumbani mikono mitupu, na baadaye akaruhusiwa kuinunua ile mashine kwa bei ya chuma chakavu. Hatukuwa watu wa biashara. Tulijifunza hukohuko, kama wengi wa miaka ile ambao waliamka asubuhi na kuambiwa kwamba sasa kila mtu ajitafutie. Upande mmoja tulikoboa mpunga, upande wa pili tulisaga mahindi na muhogo mkavu. Yeye alishughulika na injini na kuhangaikia dizeli. Mimi nilikaa na wateja.

Mtu asiyewahi kusimamia mashine hajui jambo moja: unga wa mteja hautoki wote. Mwingine hubaki ndani, kwenye kuta na kwenye kile kitambaa kirefu cha kupokelea, na unatoka na wa mteja anayefuata. Kwa hiyo kila nyumba ya Ipinda ilikuwa ikila kidogo cha jirani yake. Aliyesaga muhogo akimtangulia wa mahindi, wa mahindi alilalamika ugali unavutika. Dawa yake ni kusaga pumba kidogo katikati ili kusafisha, lakini hiyo ni dizeli inaungua bure, na sisi dizeli tuliinunua kwa shida.

Dada wa mume wangu aliolewa ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi. Kwetu hiyo si nchi ya kigeni; ukivuka mto unasalimiwa kwa lugha ileile, na makaburi ya wazee yako pande zote mbili. Mwaka ule huko kwao kulikuwa na njaa. Tulisikia habari zake redioni, na tulizisikia pia kwa watu waliovuka kuja kutafuta vibarua vya kupalilia mpunga. Wifi alikuja mvua zilipoanza kukolea, na watoto wawili wa kike, mmoja mkubwa wa kwenda shule, mwingine mdogo bado. Mumewe alikuwa amekwenda kusini kutafuta kazi na hakuleta habari. Alishuka kwenye gari akiwa na nusu gunia la mahindi kichwani.

"Ugonile, wifi," alinisalimu kwa lugha yetu, akaliweka gunia miguuni mwangu kabla hata sijajibu. "Sikutaka kuja mikono mitupu. Haya ndiyo tuliyogawiwa ya msaada."

Nilichota kiganja. Yalikuwa makubwa, yamelingana, ya njano kama ya kuku. Nikasema ndaga, yaani asante, nikampokea mtoto mdogo, ambaye alikuwa mwepesi mno. Usiku ule tulikula wali, na mtoto mkubwa alikula taratibu sana, kama aliyeonywa na mama yake njiani asioneshe njaa.

Habari ya mahindi ilikuja wiki hizohizo. Redio ilisema kwamba baadhi ya nchi za kusini zinabishana kuhusu mahindi ya msaada yanayotoka ng'ambo ya bahari, kwamba mbegu zake zimebadilishwa na wataalamu kwenye maabara. Nchi nyingine zimeyakataa kabisa, nyingine zinataka yasagwe kwanza mpakani ili mtu asije akayapanda. Mtaalamu mmoja alisema hayana neno, watu wa huko wanayala siku zote. Mwingine akasema madhara hayajulikani. Kufika sokoni kwetu, maneno hayo yalikuwa yameshaota pembe. Yanaua uzazi. Msichana akiyala anaota matiti akiwa mdogo. Ukiyapanda, ardhi haikubali tena mbegu nyingine.

Mume wangu alizima redio, akasema, "Dada asisikie haya."

Lakini wifi alikuwa ameshasikia. Asubuhi aliniuliza, akiwa amelipakata lile gunia, "Niyatupe?"

"Uyatupe ule nini?" nilimjibu. "Lete nikusagie."

Sijutii jibu hilo. Ninachojutia kilifuata. Nilimsagia asubuhi mapema kabla watu hawajawa wengi, unga ukatoka wa njano mzuri. Mteja wa kwanza baada yake alikuwa mama mmoja kijana wa kwaya yetu kanisani, amebeba mtoto mgongoni, ameleta mahindi na karanga kidogo za unga wa uji. Nilijua ndani ya mashine mmebaki unga wa wifi. Pumba zilikuwa kwenye ndoo pale pembeni. Nilizitazama, nikafikiria dizeli, nikafikiria pia kwamba nikisafisha mashine baada ya wifi yangu mwenyewe, huyu mama ataniuliza kwa nini. Nikammiminia mahindi yake. Unga wa kwanza ulitoka na rangi ya njano, ukafifia, ukawa mweupe. Yeye alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakuona.

Sikuwa naamini kwamba yale mahindi ni sumu. Jioni tuliyala wenyewe, mimi na wanangu. Ila mimi nilichagua kuyala, na yule mama hakuchagua. Tofauti hiyo niliijua palepale.

Siku chache baadaye mtoto wake akaanza kuharisha. Wakati wa mvua Kyela watoto wengi huharisha, visima vinafurika, maji ya chooni na ya kunywa yanakutana, na kila mwaka zahanati inajaa. Hayo yote nilijiambia. Lakini yule mama alikuja mashineni na mfuko wa unga uliobaki, akaufungua mbele ya wateja wote. Pale chini kabisa palikuwa na unga wa njano.

"Dada," alisema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana liliniuma zaidi, "nani alisaga kabla yangu?"

Nikasema sikumbuki.

Hapakuwa na haja ya mtu kujibu badala yangu. Wote walikuwa wamemwona wifi akibeba gunia lake. Mmoja akainua ndoo yake akaondoka, kisha mwingine. Ilikuwepo mashine nyingine ng'ambo ya barabara, ya mtu aliyehamia kutoka Tukuyu, na kuanzia siku ile foleni ikawa kwake. Mtoto wa yule mama alipona. Foleni haikurudi. Mume wangu alikuwa akiiwasha injini asubuhi ili watu wasikie tu kwamba tupo, kisha anaizima.

Wifi hakuambiwa kitu, naye hakuuliza. Alianza kuondoka alfajiri kwenda kupalilia mpunga wa watu huko Ipyana, na kila alichopewa alikileta jikoni kwangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba hakuwa ameyasaga yote. Nyuma ya nyumba yetu, iliyopakana na mashine, kati ya migomba na ukuta wa choo, palikuwa na kipande ambacho hakikuwa na kazi. Alikuwa amekilima na watoto wake, akapanda. Nilipoyaona yalikuwa yamefika magotini, nikanyamaza. Yalikua haraka, majani mapana, kijani cha kukaribia weusi. Mtoto mdogo alikuwa akienda kuyatazama kila akiamka. Yule mkubwa alimfundisha wimbo, akawa anayaimbia yakue. Wifi aliniambia, "Yakikomaa, tutachoma ya kwanza pamoja, halafu mengine nirudi nayo. Nami niwe na mbegu."

Aliyeleta neno alikuwa bwana shamba wa kata, kijana mpole, mwenye baiskeli. Alikuwa ametumwa na nani sijui; nadhani jirani. Alisimama mbele ya yale mahindi muda mrefu.

"Mama, haya yametoka wapi?"

Nikamweleza.

"Sasa, mimi sina kipimo," alisema. "Hata wilayani hakuna. Inawezekana ni mahindi ya kawaida kabisa. Lakini kama ni yale yanayosemwa, angalia, yanataka kutoa mbelewele. Yakishatoa, upepo unachukua chavua unapeleka kwa majirani. Hapo huwezi kurudisha tena. Na huyo jirani anaweka mbegu yake mwenyewe kila mwaka, hanunui."

"Unaniamuru niyang'oe?"

"Siamuru. Nashauri. Uamuzi ni wenu."

Mume wangu alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta mkanda wa mashine. Ningeweza kumngoja. Siku ile nilikwenda dukani kununua mafuta ya kupikia, nikamweleza mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa Kilwa na kuzeekea Kyela. Alikuwa akinipimia mafuta kwenye chupa. Alicheka kidogo.

"Mafuta haya, mwanangu, yamekamuliwa ng'ambo, kwa mbegu nisizozijua hata mimi ninayeuza. Hakuna aliyepata kuniuliza. Hayo mahindi kosa lake ni kuja yamebebwa kichwani na mtu mwenye njaa."

Nilirudi na chupa yangu ya mafuta, na maneno yake nikayakubali moyoni. Hata hivyo asubuhi iliyofuata niliyang'oa.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwamba niliogopa kwa ajili ya mashamba ya jirani. Ni kweli niliogopa. Mbegu ile ya jirani, nyeupe, fupi, ilikuwa ya mama yake na bibi yake. Lakini sikuyang'oa alfajiri watu wakiwa wamelala. Niliyang'oa jua likiwa limepanda, wakati wanawake wanapita kwenda sokoni, na nilipomaliza niliyaburuta hadi mbele ya mashine nikayachoma pale, ili waone. Yalikuwa mabichi, yalitoa moshi mwingi bila kuwaka. Yule mama wa kwaya alipita, akasimama, akaitikia kwa kichwa kunikubali.

Sikuwa nimewafikiria watoto. Walikuwa wamekaa kizingitini. Yule mdogo hakulia. Aliinuka, akaenda kwenye moshi, akavuta bua moja ambalo lilikuwa halijaungua, akakaa nalo. Mkubwa akamnyang'anya, akalirudisha motoni, akaniambia, "Samahani, mama." Aliniomba samahani yeye.

Wifi alirudi jioni na matope hadi mapajani. Aliona majivu mbele ya mashine, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Kile kipande kilikuwa kimebaki mashimo, maji yameanza kujaa humo.

"Bwana shamba amesema," nilianza.

"Nimesikia njiani."

"Wifi, ni kwa ajili ya watu. Mashine imelala."

"Nimesikia," alisema tena. Kisha akauliza kama kuna maji ya kuogea.

Waliondoka kabla mume wangu hajarudi. Nilimfungia mchele, nikamwekea na ndizi. Alichukua mchele kidogo, wa watoto, ndizi akaziacha. Mume wangu aliporudi aliniuliza dada yake yuko wapi, nikamweleza. Hakunigombeza. Alikaa na ule mkanda mpya mikononi, akasema, "Huko hata mavuno bado." Halafu akaenda kuufunga.

Foleni ilirudi. Si yote, lakini ilirudi, na mwaka ule tulilipa ada za watoto wetu kwa fedha ya mashine ile. Mavuno ya mpunga yalipoingia tulimpelekea wifi gunia zima kwa mtu aliyekuwa akivuka. Alipokea, akarudisha salamu kwa kaka yake. Mimi sikutajwa, na nilistahili.

Miaka ilipita. Yale mabishano ya redioni yaliendelea, yakanyamaza, yakaanza upya na maneno mapya, na wanangu wenyewe, waliosoma, wakija likizo wanabishana mezani kuhusu mbegu, mmoja huku, mwingine kule, na wote wawili wana hoja. Mimi sisemi. Mpaka leo sijui kama yale mahindi yalikuwa yale yaliyosemwa, au ni mahindi tu ya njano ambayo mtu fulani alilima mbali akayapakia melini. Hakuna aliyeyapima.

Mtoto mkubwa wa wifi alipoolewa tulialikwa, tukavuka. Mume wangu alikwenda kukaa na wanaume. Mimi nilikaa jikoni na wanawake, nachambua mchele, na wifi alikuja akaketi karibu yangu, akavuta ungo wa pili. Tulichambua kwa muda. Nilijua kwamba nisiposema wakati ule sitasema.

"Wifi, yale mahindi," nilisema. "Nisamehe."

Hakuacha kuchambua.

"Sikukasirikia kung'olewa," alisema. "Mimi nami niliogopa yale mahindi. Niliyapanda nikiogopa. Ungeniita tu, wifi. Ningeyang'oa mwenyewe, na wanangu ningewaeleza."

Wanawake wengine walikuwa wakiimba, mtu akaita kwamba maji yamechemka. Wifi akapuliza makapi kwenye ungo wake, akaumimina mchele wake juu ya wangu, akaubeba wote sufuriani.