Fundi na Mfereji wa Mama Susan

Fundi aliyekuja kutazama unyevu wa nyumba yangu ya zamani hapa Mwanda hagongi ukuta kwa nyundo kama wengine. Huugusa kwa mgongo wa mkono, polepole, vile mama humgusa mtoto mwenye homa. Husogea hatua moja, huufuta mkono kwenye suruali, hugusa tena. Hasemi mengi, akiona jambo hukohoa kidogo. Siku hiyo alimwaga jivu kavu chini ya ukuta wa chumba cha kulala, akaketi kwenye kigoda kulitazama. Jivu lilianza kulowa upande aliokuwa akilala mke wangu. Akakohoa. Akatoka, akaufuata unyevu nyuma ya nyumba akiwa ameinama, mpaka kwenye mfereji unaonywesha shamba letu la nduma. Ulikuwa wazi.

"Mzee, zamu yenu ya maji ikiisha, nani hufunga hapa?"

"Mama Susan."

Nilijibu hivyo, na mke wangu huyo nilikuwa nimemzika miezi minne kabla. Fundi alivua kofia. Kisha akapiga magoti, akashindilia udongo na magamba ya mgomba mpaka maji yakanyamaza.

"Nyumba haina ubaya, Mzee," akasema.

Ukuta umekauka. Siku hizi maji nayafungua mwenyewe Alhamisi asubuhi, zamu yetu ikianza. Jioni nasikia kikohozi nyuma ya nyumba, halafu maji yananyamaza. Sijamwita, naye hajabisha hodi. Nami sitoki kumshukuru. Nikitoka, nitamwona anayefunga, na atakuwa si Mama Susan.