Kibao cha Kumi na Tano

Juzi mwanangu alinikalisha mbele ya kompyuta yake, hapa kwetu Ihumwa, anionyeshe gemu la treni. Si la kukimbizana. Unajenga reli yako mwenyewe, unaweka madaraja na stesheni, kisha pembeni unachomeka vibao vya mwendo: hapa hamsini, pale thelathini, kwenye kona kumi na tano. Alikuwa ametengeneza bonde la Gulwe, mto na milima yake, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. Kwa bahati mbaya akafuta kibao cha konani. Treni ikafika na mwendo wake wote, ikaanguka. Mtoto akacheka, akabonyeza, ikasimama tena.

Nikamwambia arudishe kibao kwanza. "Mama nawe, ni gemu tu," akanijibu. Nikaenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Yeye sijamweleza. Wewe nitakueleza.

Baba alikuwa nyapara wa gengi, yaani kundi la mafundi wanaotunza reli. Tuliishi kambini, vijumba sita vya bati kando ya njia. Asubuhi tuliamshwa na nyundo zikigonga chuma. Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda, na siku ya bahati maziwa mgando. Saa hatukuwa nayo, treni ndiyo ilikuwa saa yetu. Ukilalamika njaa, mama alikuuliza kama treni ya abiria imeshapita.

Ila kifuku kikiingia, raha yote iliisha. Mvua ilinyesha mbali huko milimani, hata hatuioni, na mto ukashuka na tope, ukala tuta chini ya reli. Baba alikwenda kukanyagakanyaga kokoto, na akirudi kimya tulijua njia imelegea. Hapo jirani yetu, mkagua njia, alichomeka kibao: duara la bati la njano lenye namba kumi na tano nyeusi, juu ya nguzo fupi ya mti. Dereva akikiona, treni inapita ikinyata, na baba anasimama pembeni akitazama magurudumu tu. Kila asubuhi jirani alikwenda kuhakikisha kibao bado kimesimama. Alikuwa rafiki mkubwa wa baba, wakila sahani moja.

Mimi na binti yake tulikuwa na reli yetu nyuma ya nyumba, ya udongo na mabua ya mtama, na treni za makopo ya samaki. Vibao vyetu vilikuwa vifuniko vya kopo juu ya vijiti. Tulikuwa wakali wewe! Ukipita kibao kwa kasi, treni yako inapinduliwa na abiria wako, mbegu za maboga, wanazikwa. Tulizika abiria wengi mno, tukiwaimbia nyimbo za msiba.

Siku hiyo rafiki yangu alikuwa amekwenda na mama yake kwenye mashine ya kusaga. Treni ya mizigo ilishapita asubuhi, ya abiria ni mpaka jioni. Kwa akili zangu, kibao cha kweli hakikuwa na kazi mchana kutwa. Nikaona nikiazime, rafiki yangu akirudi akikute kwenye reli yetu. Ardhi ilikuwa imelowa, kikachomoka kirahisi. Nikakisimika nyuma ya nyumba, nikakitazama kwa furaha.

Kisha reli zikaanza kulia. Mtoto wa gengi anaijua sauti ile kabla ya honi. Ilikuwa treni nyingine ya mizigo, ambayo hakuna aliyeitarajia. Nilitaka kukimbia na kibao, honi ikaniwahi. Nilimwona baba amevua shati, analipunga, anakimbia kuikabili treni. Dereva alifunga breki, lakini alikuwa amechelewa. Mabehewa mawili ya mwisho yalilala ubavu polepole, na gadi, msimamizi wa treni, aliyekuwa ndani ya la mwisho alivunjika miguu yote miwili. Alilia mpaka walipomtoa. Mimi nilikiburuta kibao hadi korongoni, nikakitosa kwenye maji.

Jioni baba alizunguka nyuma ya nyumba. Mashimo ya vijiti vyetu yalikuwa membamba, na katikati yake kulikuwa na shimo moja la kuingia ngumi. Akalitazama. Akanitazama mimi mlangoni. Nilingoja aniulize, na naapa angeniuliza ningesema. Akalifukia kwa kiatu, akakanyaga mara mbili, akaenda kunawa.

Kesho yake wakubwa walikuja kutoka mjini. Jirani aliapa kwamba kibao kilikuwepo. "Nilikishika kwa mkono huu, mzee," alimwambia mkubwa mmoja ambaye angeweza kuwa mwanawe. Wakamgeukia baba, wakamuuliza kama anajua lolote.

"Sijui, mkuu," baba akasema.

Jirani alifukuzwa kazi na kuondolewa kwenye nyumba. Mama aliwakaangia karanga za njiani. Rafiki yangu aliniachia treni yake ya kopo nimtunzie, akapanda na wazazi wake treni ya abiria. Sijawaona tena.

Mwaka jana nilipita Gulwe. Kambi haipo, bati zimeng'olewa, nyundo hazisikiki, na reli mpya ya umeme ina njia yake. Niliukumbuka mlenda wa mama hadi nikalia, na papo hapo nikatamani kuondoka. Baba alishafariki, na hadi anazikwa hatukuwahi kulizungumza.

Najua utaniambia mtoto hana hatia. Sawa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mtu mzima, na alilisema neno lile akimtazama rafiki yake usoni.