Mtabiri wa Maji wa Orofa ya Nne

Katika ploti yetu ya wapangaji huku Kware, mimi ndiye mtabiri wa maji. Cheo hicho sikukiomba, ila sikukikataa. Miaka saba ya kuishi orofa ya nne imenifundisha kutega sikio kwenye bomba na kujua kama ni hewa tu inayopita au kuna kitu kinapanda. Najua pia kumsoma msimamizi wa ploti: akifagia ngazi huku akisalimia kila mtu, maji yanakuja, akizima simu, jipange. Mara nyingi napatia. Nikikosea nasema pampu imeharibika, na watu wanaridhika.

Jumamosi moja asubuhi, jirani wa mlango unaotazamana na wangu alibisha hodi. Alikuwa ameolewa juzijuzi, na mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka Kakamega, anakuja kumwona kwa mara ya kwanza. Pipa lake la maji lilikuwa limejaa, lakini lilikuwa limeota utelezi wa kijani ndani, naye aliogopa mama wa watu asije akachungulia.

"Mathe, nikimwaga hii maji nioshe pipa, ingine itakuja?"

Nikatega sikio kwenye bomba. Nikakunja uso kidogo, maana watu hawaamini jibu la haraka.

"Mwaga," nikamwambia. "Ikifika saa nne utakuwa unatafuta pa kuyaweka."

Akamwaga yote, akasugua pipa mpaka likang'aa. Saa nne bomba likakohoa mara moja, likanyamaza. Saa tano, kimya. Saa sita kasoro akarudi kwangu na sufuria tupu mkononi, macho yamelowa. Kuku alikuwa amekatwakatwa lakini hajaoshwa, choo hakiingiliki, na mgeni alikuwa ameshashuka kwenye basi.

"Mathe, sasa huyu mama nitampikia na nini?"

Kisingizio cha pampu kilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini huruma ilinishika, nikafungua mlango wote na kumwambia aingie. Akaona pipa langu limejaa hadi ukingoni, na mitungi sita chini ya meza, yote imefunikwa vizuri.

Akayatazama maji, kisha akanitazama mimi. "Kumbe hata wewe hujiamini?"

Niliona haya hadi masikioni. Ni kweli, katika miaka yote hiyo sijawahi kumwaga hata kikombe kimoja kwa kuamini utabiri wangu. Tukabeba mitungi minne hadi kwake. Mama mkwe alikula akashiba, akaoga, akausifu mchuzi.

Jumatatu nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa yeye, pamoja na wanawake wawili wa orofa ya tatu. Nikafurahi kwamba bado wananihitaji, nikaelekea moja kwa moja kwenye bomba.

"Hapana mathe, wachana na bomba," akasema, huku akinipita kuingia ndani. "Tumekuja kuangalia kama pipa yako imejaa."