Kumnywea Jirani Chai

Zamani nilikuwa mkamuaji kwa mzungu mmoja kule Cheptiret. Alikataza tusionje maziwa, basi nikajifunza kumeza kikombe kizima yeye akiinama kupiga chafya. Alipiga chafya sana, huyo mtu. Mbwa wake pia. Hiyo tuache.

Uhuru ukaja, mzungu akauza, sisi tukaungana kununua shamba upande wa Soy. Tukingoja kugawiwa ploti, nililala mlango kwa mlango na mzee mmoja kutoka Nyeri na mke wake. Hapo ndipo figo za mzee zikachoka. Miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Mashine ya kusafisha damu tulisikia tu iko ng'ambo. Muuguzi aliyekuja na baiskeli hakuficha.

“Mzee, kupona hapana. Lakini acha chumvi, kunywa vikombe viwili tu kwa siku, utapumua vizuri.”

“Nitafika kwa ploti yangu kwa miguu?”

“Ukinisikia.”

Ni hilo tu alitaka: akanyage udongo wake, asibebwe.

Shida ikawa watu. Mgonjwa haonwi mikono mitupu. Huyu uji, yule supu, akina mama wa kanisa birika nzima ya chai, na hawaondoki mpaka anywe. Ukikataa, umewaambia wameleta sumu. Mke wake akaniweka kando ya kitanda. Wageni wakifumba macho kuomba, mimi nameza.

“Amina! Mungu ni mwema, mzee amemaliza yote!” wanasema wakifumbua macho.

Wakishatoka, mzee alicheka mpaka kitanda kikalia. “Wewe, omba wasilete ugali. Utapasuka.”

Nikanenepa, suruali ikanikataa. Halafu mama mmoja akaomba maombi mafupi, akanikuta na kikombe mdomoni.

“Ai! Hata chai ya mgonjwa?”

“Anamsaidia, Mama,” mke wa mzee akasema. “Muuguzi amekataza mzee maji mengi.”

Mama akafikiri, akanijazia tena. “Basi msaidie na hii.”

Siku ploti zilipogawiwa, miguu ilikuwa imepungua uvimbe. Mzee akashika fimbo. Nikataka kumsindikiza.

“Kaa, maliza supu,” akaniambia. “Bado iko na moto.”

Akatoka polepole na mke wake, akapita zizi, akapumzika, akaendelea. Nilidhani ataangalia mipaka arudi kula. Jioni mke wake akaja peke yake kuchukua godoro, anacheka na kulia: mzee amekaa kwenye nyasi yake, anasema hatoki.

Kwetu hakurudi tena.