Shahidi wa Simsim

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikisikia mbwa akibweka mtaani hapa Hail, Maskati, na mpaka leo sijaielewa yote. Nitakuhadithia hivyo hivyo nilivyoielewa nusu. Weye una akili mpya, huenda ukaifahamu nusu iliyobaki.

Mjukuu wangu Thuraya, binti wa mwanangu Khalfan, alikuwa na mbwa. Mbwa, katika nyumba yetu sie. Sie tuliolelewa Ng'ambo, Unguja, tulifundishwa kuwa mbwa akikugusa kwa pua yake ya maji, kanzu ivuliwe ikafuliwe, na mama yangu alikuwa akituita ndani mbwa mwenyewe bado yuko mtaa wa pili. Huyu wa Thuraya aliokotwa Al Amerat, kandoni mwa barabara, mdogo, mguu umeumia. Rangi yake ya ufuta, basi akamwita Simsim, ndiyo ufuta kwa Kiarabu. Akamjengea kibanda uwani, na nguo za kuchezea naye akawa anazifua mbali na zetu. Hapo nikamwachia.

Tabu ilikuwa kubweka. Jirani akifungua mlango, Simsim anabweka. Gari la maji likija, anabweka. Siku moja jirani akaja kwa Khalfan kwa adabu zote, kala tende, kanywa kahawa, na mwisho kabisa, mkono uko kwenye kitasa, ndipo akasema mkewe mgonjwa na hapati usingizi. Khalfan aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Akamwambia Thuraya mbwa aondoke, kuna mtu ana shamba atamchukua. Thuraya akalia, akasema mbwa anafundishwa, na Jumamosi kuna mashindano ya mbwa ya kuruka viunzi. "Baba, akitutia aibu huko, mwondoe. Sitosema neno."

Khalfan alikubali, lakini kwenda mwenyewe hakutaka. Akanigeukia mie. "Nenda weye, baba. Neno lako ndilo nitakaloshika. Akibweka, anaondoka. Asipobweka, anakaa."

Nikaona kazi gani hii nyepesi. Kabweka au hakubweka, hata mtoto wa chuo cha Kurani angejibu.

Basi asubuhi ile ya baridi nikavaa kanzu yangu iliyopigwa pasi, kilemba, bakora mkononi, tukaenda. Uwanja wa majani, umezungushiwa kamba. Ndani mna viunzi, mna ubao wa pembea, mna bomba la turubai ambalo mbwa huingia huku akatokea kule. Mtu anakimbia na mbwa wake, anamwonyesha njia kwa mkono na kwa sauti bila ya kumgusa, na mwamuzi anawatazama. Hilo nililifahamu upesi. Nisilolifahamu ni watu.

Wale waliokuwa wakingoja zamu walijipanga kandoni, kila mmoja na mbwa wake, mbali mbali kama watu waliogombana. Hapana aliyemsemesha mwenziwe. Sie tulipofika, hapana aliyenyanyua uso. Mama mmoja wa makamo, kavaa buibui, alipotuona tunakuja na Simsim, alimgeuza mbwa wake upande wa pili na yeye mwenyewe akatupa mgongo. Mgongo, mwanangu, mie na ndevu zangu hizi.

Thuraya akanambia nikae kitini nimngoje, akaenda mstarini na Simsim wake. Nikakaa. Lakini nikikaa nnafikiri, na nikifikiri situlii. Mama yangu alikuwa akisema anayepita penye watu bila ya salamu kawafanya magogo. Na hapa Maskati ndiyo zaidi, weye unajua: ukiingia barazani unaanza mkono wa kulia, unapeana mkono na mmoja mmoja mpaka mwisho, na kila mmoja unamuuliza khabari zake na za watu wake. Nikajisemea, hawa hapana aliyewaanza tu. Ngoja niwaanze mie, na mjukuu wangu apate heshima.

Nikaanza upande wa kulia. Wa kwanza kijana wa Kihindi mwenye mbwa mweusi. Salaam aleikum, hujambo, nyumbani hawajambo? Kijana akanijibu kwa mdomo, macho yake yako kwa mbwa, na mbwa macho yake yako kwenye bakora yangu. Mbwa akabweka. Wa pili Mzungu mrefu; nikamnyooshea mkono, naye mkono mmoja umeshika kamba, wa pili umejaa vipande vya nyama vya kumtuza mbwa, akanipa kiwiko. Wa kwake naye akabweka. Wa tatu alibweka hata sijamfikia. Mstari mzima ukapokezana. Na kule ndani, msichana mmoja alikuwa kati ya mbio na mbwa wake mdogo. Yule mbwa akasimama juu ya ubao wa pembea, kageuza kichwa kusikiliza zile kelele, hapandi wala hashuki. Msichana akamwita, akamwita, mpaka muda ukamwishia.

Yule mama aliyetupa mgongo akanijia. Alisimama mbali kidogo, mbwa kamweka nyuma yake.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema, Kiswahili safi cha kwetu. "Mie naitwa Zuwena. Usinione mtovu wa adabu. Hapa salamu yetu ni kumpisha mtu. Nilipokupa mgongo nilikuwa nakuheshimu weye na mjukuu wako."

"Marahaba," nikasema.

"Mbwa wakitazamana hubweka. Akijiwa na mgeni mwenye fimbo hubweka. Akianza mmoja wanafuata wote, na aliyeko ndani anaharibikiwa, kama yule binti ulivyomwona. Na hapa mbwa akibweka mstarini, anayeona haya ni mwenyewe aliyemshika, si mbwa."

"Kwa hiyo nyinyi hamuamkiani?"

"Tunaamkiana, mbona. Tukishamaliza, mbwa wako garini. Hapo utachoka weye kwa maneno."

Nikarudi kitini kichwa kinanizunguka. Mama yangu kasema vile, huyu mama kasema hivi, na wote wawili waungwana. Jogoo la shamba haliwiki mjini, sawa, lakini mji huu nnaishi tangu nywele zangu nyeusi. Nilikasirika, sikufichi, na sikujua nimkasirikie nani.

Ndipo nikamtazama Simsim. Katika makelele yale yote, Thuraya alikuwa kapiga magoti baina yake na mstari, kamgeuza uso kwake, anamnong'oneza. Mkia unamtetemeka, macho hayabanduki usoni kwa Thuraya, na kimya. Nikashukuru Mungu. Nikasema ushahidi wangu huu hapa, hakubweka.

Zamu yao ikafika. Karuka kiunzi cha kwanza, kabweka. Cha pili, kabweka. Kaingia bombani anabweka, sauti kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Kila Thuraya akinyoosha mkono, naye anajibu. Nikashika kichwa. Nilikwisha kukiona kile kibanda cha uwani kitupu. Nikamtazama mwamuzi afanye neno, hakufanya. Na Thuraya mtandio umemwangukia mabegani, anakimbia, anacheka. Nikasema mtoto huyu kapata wazimu, hajui kuwa mbwa wake ndiyo anaondoka.

Walipomaliza watu wakapiga makofi. Bi Zuwena akapita karibu yangu. "Mashaallah, mbwa huyu ana adabu."

"Adabu gani, na kelele zote zile?"

"Za ndani ni baina yake na mwenyewe, hazimdhuru mtu. Furaha tu, na kuuliza wapi tena. Za mstarini ndizo zinazowaharibia wenziwe, na mstarini kanyamaza, tena leo ulipompa kila sababu ya kubweka."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa, mwanangu. Koo moja, sauti moja, huku aibu na kule adabu.

Hatujafika Hail, simu ikalia. Thuraya alikuwa anaendesha, nikaifungua sauti. "Ehe, baba," akasema Khalfan, "kabweka au hakubweka?"

Thuraya hakunitazama. Alitazama barabara. Nikisema hakubweka, nimesema uongo, na uzee huu nikamdanganye mwanangu? Nikisema kabweka, nimesema kweli, na kwa kweli hiyo hiyo nimewadhulumu wawili.

"Kabweka," nikasema.

Mikono ya Thuraya ikaganda kwenye usukani.

"Basi," akasema Khalfan. "Umekwisha kusema."

"Sijesha. Kabweka ndani ya uwanja, palipo ruhusa. Pale pa kunyamaza, walibweka mbwa wa watu, na sababu yao ni mie, na Simsim kanyamaza. Swali ulilonipa lilikuwa dogo, Khalfan. Halikuenea yote niliyoyaona."

"Sifahamu, baba. Ana adabu au hana?"

"Na mie sifahamu vizuri. Lakini kiumbe aliyeweza kunyamaza pale, na kwa jirani atanyamaza. Mpe binti yako muda amfundishe."

Nilisikia anavuta pumzi. "Haya. Nimesema neno lako ndilo, basi ndilo."

Thuraya akaliweka gari kando, akalia kwa kwikwi, kisha akaushika mkono wangu akaubusu. Mikono yake ilikuwa inanuka mbwa, na wangu sikuuvuta.

Sasa mwanangu, nakwambia nini katika haya? Ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, ndivyo walivyosema, lakini kwanza muulize mwenye chongo lifumbwe lipi. Usikimbilie kuwatendea watu wema wa kwenu kabla hujaujua wema wao. Atakayekupa mgongo, huenda ndiye aliyekuheshimu kuliko aliyekuchekea. Na chochote kilicho chini ya mkono wako, mtoto, mbwa, hata simu ya mfukoni, kelele zake kwa watu ni zako weye, usimsukumie mnyama. Kubwa kuliko yote ni hili: ukiulizwa habari ya mtu, na jibu la neno moja halienei, usilitoe hilo neno moja ukanyamaza. Sema na lililobaki, hata kama ndani yake umo na weye. Kweli iliyokatwa nusu inaua sawa na uongo.

Mengine nakuachia. Mungu akufungulie usikivu ujue kelele ipi ya ugomvi na ipi ya furaha, akukutanishe na watu wa kukukanya kwa upole, na siku utakaposimama weye kushuhudiwa, akujaalie shahidi asiyekuwa na haraka. Amin.